Sauti ya Sungura: Vile Koti la Chui Lilimgeuzia Bunduki Paka wa Marekani

Wiki iliyopita stima zilipotea mtaani, nikabaki kwa kitanda nikimaliza bando yangu kwa video fupi fupi. Ikatokea moja ya mzee fulani wa Texas. Amekaa chini ya mti, amevaa nguo za madoa ya kijani na kahawia, bunduki nyembamba iko kwa magoti, hasemi kitu. Mbele yake, mita kama thelathini hivi, ameweka kispika kidogo kwa nyasi. Akabonyeza rimoti. Hicho kispika kilitoa sauti ambayo hata sijui niieleze vipi. Kama mtoto mchanga analia, lakini yenye kukwaruza, ya kiumbe kinachokata roho. Ni sauti ya sungura anayekufa.

Hapo ndio paka wangu, Kadogo, aliamka. Huyu ni paka wa bedsita. Hajawahi kuona sungura tangu azaliwe, maisha yake ni omena na ugali. Lakini masikio yalisimama, akashuka kutoka kwa kiti na kuanza kunyatia, tumbo likikaribia kugusa sakafu. Hatua moja, anasimama. Hatua nyingine, anasimama. Akafika kwa simu, akaweka mguu juu ya skrini. Na kwa video, wakati huohuo, paka mwingine alikuwa anatoka kichakani akitembea vilevile kabisa. Mzee akavuta kifyatulio.

Nilizima simu. Baadaye nikarudi kusoma komenti, na kama kawaida watu walikuwa kambi mbili. Kambi ya kwanza inampongeza mzee. Ya pili, wengi wao wasee wetu wa huku, inasema hawa wazungu ni washenzi, afadhali sisi Kenya tulipiga uwindaji marufuku kitambo. Mimi nilikuwa kambi ya pili. Nikasema wacha nisome historia ya hii kitu ndio nije niwachape vizuri. Shida ni kwamba nilisoma mpaka nikapata jina la Kenya ndani ya hiyo historia, na si mahali nilipolitarajia.

Kwa hivyo tulia kidogo, hii ni ndefu.

Huyu paka ni nani?

Anaitwa bobcat. Mimi nitamwandika bobkati ili tusisumbuane. Ni paka wa porini wa Amerika Kaskazini, anapatikana kuanzia kusini mwa Kanada, akapitia karibu Marekani yote, mpaka Mexico. Mkia wake ni mfupi kama umekatwa, na jina lake linatoka hapo. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 6 na 14. Ukitaka kumpata kwa akili, mfikirie mondo wetu wa huku, mfupishe miguu, mpe manyoya mazito na ndevu za mashavuni. Chakula chake kikubwa ni sungura. Tumbo lake ni jeupe lenye madoa meusi. Weka hiyo ya tumbo akilini, tutairudia, juu hapo ndipo pesa iko.

Kwa miaka mingi hakuna aliyetaka pesa ya tumbo lake. Walitaka tu afe.

Walowezi wa Massachusetts walianza kulipa watu kuua mbwa mwitu mwaka 1630. Unaleta ushahidi kwamba umeua, unapewa malipo yako. Mtindo huo ulisambaa koloni hadi koloni, baadaye jimbo hadi jimbo, na bobkati akaingizwa kwenye orodha. Kosa lake? Kuku, kondoo wachanga, na kula sungura na ndege ambao wawindaji walitaka wawe wao. Mwaka 1915 bunge la Marekani lilitenga dola 125,000 ili serikali yenyewe iajiri watu wa kuua wanyama wala nyama. Mwaka 1931 ikapitishwa sheria maalum ya kazi hiyo, na bobkati ametajwa humo kwa jina, pamoja na mbwa mwitu na koyoti.

Kabla hujacheka, kumbuka shosho wako. Wangu yuko Nyandarua, na siku kicheche alipoingia kwa kibanda chake na kumaliza kuku saba usiku mmoja, hakuna mtu alimweleza mambo ya ikolojia. Alitaka kichwa cha kicheche. Mtu ambaye mali yake ni kuku hawezi kumwona mla kuku kama sisi tunavyomwona kwa video. Tofauti ni kwamba shosho hakuwa na bajeti ya serikali nyuma yake.

Sanaa ya kudanganya masikio

Shida ya bobkati ni kwamba hupatikani naye. Unaweza kuishi miaka ishirini kwa shamba ambalo yeye pia anaishi na usimwone hata siku moja. Anatembea usiku, asubuhi mapema na jioni, na anakuona kabla hujamwona. Ndio maana wengi waliuawa kwa mitego, au kwa mbwa wa kuwafukuza mpaka wapande mti.

Njia ya tatu ilikuwa kumfanya aje mwenyewe. Binadamu wameiga sauti za wanyama tangu zamani sana, kwa mdomo, kwa jani, kwa mfupa. Lakini kuifanya biashara ni kazi ya Texas. Kule Marble Falls kulikuwa na familia ya Burnham. Baba, Morton Burnham, alijua kuita wanyama kwa mdomo wake tu, na wanawe Winston na Murry wakajifunza kwake. Katika miaka ya 1950 ndugu hao wakawa wanauza filimbi za kuitia kwa posta, nchi nzima. Filimbi yenyewe ni kitu kidogo cha kutoshea kiganja, ndani kuna ulimi mwembamba unaotetemeka ukipulizwa. Inaiga sungura aliyeshikwa.

Mji mwingine wa Texas, Waco, ukatoa Johnny Stewart. Huyu aliona kwamba watu wengi hawajui kupuliza, kwa hivyo akarekodi sauti za wanyama wenyewe na kuziuza kwa sahani za santuri, baadaye kwa kaseti. Mwindaji anabeba mashine ya kucheza sahani mpaka porini. Hebu ifikirie hiyo picha: mtu amejificha kichakani, anacheza rekodi kama dijei. Kile kispika cha rimoti nilichoona kwa video ni mjukuu wa ile santuri.

Na mbinu inategemea kumjua mteja wako. Koyoti akisikia sungura analia anaweza kuja mbio ndani ya dakika chache, na anazunguka atafute harufu. Bobkati haamini haraka. Anakuja polepole, anakaa, anatazama, anaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Anaamini macho na masikio kuliko pua. Kwa hivyo wawindaji wanaweka kitu kinachotikisika karibu na spika, hata kama ni unyoya tu kwa kamba, ili macho yake yakae hapo na yasiende kwa mtu. Yaani kinachomuua ni ule udadisi niliouona kwa Kadogo.

Hapo nilikumbuka kitu cha kwetu. Kaskazini mwa Kenya, Waborana wana mluzi wa kumwita ndege anayeitwa kiongozi-asali. Mtu anapiga mluzi, ndege anakuja, anamwongoza mpaka kwa mzinga wa nyuki. Mtu anachukua asali, ndege anapata nta na mabuu. Mwaka 1989 mtafiti Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Bila ndege, kutafuta mzinga kulichukua karibu masaa tisa kwa wastani. Kwa kumfuata ndege, masaa kama matatu. Pia ni binadamu anaita mnyama kwa sauti, lakini hapa mnyama akija anakuta kile alichoahidiwa. Filimbi ya Texas inafanya kazi kwa sababu haina alichoahidiwa. Hii tofauti ilinisumbua, na bado inanisumbua, hata baada ya hayo mengine nitakayosema.

Kwa nini risasi ndogo

Ukiangalia ile video tena, bunduki ni nyembamba. Si ile ya kuangusha nyati. Kipimo cha kawaida cha risasi za aina hii ni .22, maana yake upana wake ni kama inchi 0.22, milimita tano na nusu hivi. Risasi ya .22 ya kawaida, ile ndogo ya bei rahisi, iko tangu 1887. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaja .22 Hornet, upana uleule lakini mbio zaidi. Mwaka 1950 ikaja .222 Remington. Mwaka 1964 ikaja .223 Remington, ambayo ni ndugu wa risasi ya M16, ile bunduki wanajeshi wa Marekani walibeba Vietnam. Mwaka 2002 ikaja ndogo kuliko zote hizo, .17 HMR.

Sababu ya kuchagua ndogo si huruma peke yake. Mnyama wa kilo kumi hahitaji risasi kubwa, hiyo ni kweli. Risasi ndogo haikurudishi bega nyuma, inaenda moja kwa moja, na mwindaji mzuri akipiga vizuri mnyama anakufa hapohapo. Lakini sababu kubwa ni ngozi. Risasi kubwa inatoka upande wa pili na kuacha shimo la kupitisha ngumi. Risasi nyepesi na ya mbio inaingia kwa tundu dogo, inavunjika ndani, haitoki. Ngozi inabaki nzima. Na ngozi yenye shimo tumboni, pale kwa jeupe na madoa, haina bei.

Kwa hivyo ukiniuliza ni nani aliyechagua ile bunduki, nitakwambia ni duka la nguo. Na sasa twende kwa hilo duka, kwa sababu huko ndiko tunakutana na Kenya.

Koti la chui

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanamke aliyepigwa picha zaidi Marekani alikuwa Jackie Kennedy, mke wa rais. Alichovaa leo, kesho kila mtu anakitaka. Mwaka 1962 akaonekana na koti la ngozi ya chui, la mbunifu wake Oleg Cassini. Si feki, ni chui wa ukweli. Fasheni ya paka wenye madoa ikalipuka.

Angalia tu mwaka mmoja. Mwaka 1968 Marekani iliingiza zaidi ya ngozi 9,000 za chui, zaidi ya 1,000 za duma, zaidi ya 13,000 za jagwa, na zaidi ya 120,000 za oseloti, yule paka mdogo wa Amerika ya Kusini na ya Kati. Mwaka mmoja, nchi moja. Ngozi za chui zilitoka pande nyingi za Afrika, na Kenya, Ethiopia na Somalia zimo.

Watu wakashtuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ikawaweka paka hao wakubwa kwenye orodha ya walio hatarini, na mwishoni mwa 1973 ikapitisha sheria yake kubwa ya kulinda viumbe walio hatarini. Mwaka huohuo mataifa yakatia saini mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini kati ya nchi na nchi. Ulianza kufanya kazi mwaka 1975, na chui akawekwa kwenye orodha yake kali zaidi. Soko la koti la chui likafungwa mlango.

Tuko pamoja? Hii ni habari njema. Chui wetu kapona, tupige makofi.

Sasa jiulize swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza. Yule mama wa New York au Milan aliyetaka koti la madoa, je, naye alipigwa marufuku? Duka lake lilifungwa? Fundi wake aliacha kushona? Hapana. Alienda dukani vilevile, na muuzaji akamwambia chui hakuna, lakini hebu shika hii. Akaguswa mkono na tumbo la bobkati: jeupe, laini, madoa meusi, na halali kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ngozi ya bobkati ilikuwa kitu cha dola chache, bora ikizidi kidogo kumi. Kufikia mwisho wa muongo huo wastani ulipita dola 100, na zile nzuri za majimbo ya magharibi zililipwa dola mia kadhaa. Yule aliyekuwa anauawa kwa sababu ya kuku sasa alikuwa na thamani kuliko kondoo. Kijana wa kijijini Nevada au Texas, mwenye filimbi na bunduki ya .222, angeweza kupata kwa asubuhi moja nzuri pesa ya wiki ya kibarua. Kufikia miaka ya 1980 waliouawa kila mwaka walikuwa makumi ya maelfu.

Hakuna mtu alikaa kwa ofisi akaamua kumtoa bobkati sadaka kwa ajili ya chui. Sheria ilikuwa nzuri. Ilifunga mlango mmoja tu, na tamaa ya koti ikapita kwa ule mwingine.

Mwaka 1977

Mwaka huu ndio ulinifanya niandike. Februari 1977 mkataba wa CITES uliwaweka paka wote wa porini waliobaki, bobkati akiwemo, kwenye orodha yake ya pili. Ile ya pili haikatazi kuuza. Inasema unaweza kuuza nje, lakini serikali yako ithibitishe kwanza kwamba mauzo hayamalizi mnyama. Mei 1977, miezi mitatu baadaye, serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote wa wanyamapori, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi, pembe na vinyago vya wanyama iliyokuwa imejaa Nairobi.

Mwaka mmoja, njia mbili. Sisi tulisema hakuna kuua. Wao walisema ua, lakini thibitisha.

Na kuthibitisha kukawaletea kesi. Watetezi wa wanyamapori walienda mahakamani wakasema serikali inaruhusu ngozi za bobkati ziuzwe nje bila hata kujua wako wangapi. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ya Washington ikakubaliana nao: bila makadirio ya kuaminika ya idadi yao, hakuna kuruhusu mauzo. Ushindi mkubwa. Ulidumu mwaka mmoja. Mwaka 1982 bunge likabadilisha sheria, likasema serikali haihitaji makadirio ya idadi ili kutoa ruhusa.

Hata hivyo mjadala ulishaacha alama. Majimbo yakaanza kufuatilia kwa karibu. Kukawa na msimu wa kuwinda, leseni, na kila ngozi ya kwenda nje lazima ifungwe kitambulisho chake. Isitoshe, kuna kodi ya asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi zinazouzwa Marekani, na kwa sheria ya 1937 pesa hiyo inarudi kwa idara za wanyamapori za majimbo. Yaani mzee wa Texas akinunua risasi, analipia pia mtu wa kuchunguza bobkati.

Matokeo? Makadirio ya mwaka 1981 yalisema Marekani ina bobkati kati ya laki saba na milioni moja hivi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalisema kati ya milioni 2.3 na 3.6. Sehemu ya hiyo tofauti inaweza kuwa ni kuhesabu vizuri zaidi, lakini majimbo mengi yaliripoti kwamba wanaongezeka. Illinois ilikuwa imemlinda tangu 1972. Aliongezeka mpaka mwaka 2016 wakafungua tena msimu wa kumwinda.

Na sisi wa marufuku? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukilinganisha hesabu za maeneo ya malisho ya Kenya tangu 1977, ulikuta wanyamapori wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Soma tena. Tangu mwaka uleule tuliopiga marufuku, tumepoteza zaidi ya theluthi mbili.

Najua kuna watu wataichukua hiyo namba na kusema basi turudishe uwindaji. Tulia. Namba hiyo haisemi marufuku iliua wanyama. Tumeongezeka sisi, mifugo imeongezeka, nyua zimekata njia za wanyama, mashamba yamegawanywa, ukame umezidi, na ujangili haukukoma. Na bobkati naye ana bahati ambayo twiga hana: ni mdogo, anajificha, anakula panya na sungura, na anaweza kuishi nyuma ya nyumba ya mtu bila kugunduliwa. Kulinganisha moja kwa moja ni uongo. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo, lakini kinauma: mimi niliyekuwa tayari kumwita yule mzee mshenzi, sikuwa na haki ya kusimama kwa jukwaa. Marufuku yetu ilinifanya nijisikie msafi, na nikaacha kuuliza mnyama anaendeleaje.

Wao pia hawajamaliza kubishana

Usidhani Wamarekani wamekubaliana. Karibu na mwaka 2013 bei ya ngozi ilipanda tena, safari hii wanunuzi wakubwa wakiwa China na Urusi, na mitego ikaonekana karibu kabisa na mbuga ya Joshua Tree, California. Watu wa hapo wakakasirika, sheria ikaja, na mwaka 2015 tume ya jimbo ikapiga kura tatu kwa mbili kukataza kutega bobkati California nzima. Mwaka 2019 jimbo likaongeza sheria ya kuzuia pia kumwinda. Colorado walipelekewa swali hilohilo kwa kura ya Novemba 2024, na wengi wakasema hapana, uwindaji uendelee. Na magharibi mwa Texas kuna mashindano ya kila mwaka ambapo anayeleta bobkati mzito zaidi anaondoka na pesa. Zawadi zote kwa jumla zimewahi kupita dola 100,000.

Hayo mashindano siwezi kuyatetea. Mkulima anayelinda kuku wake namwelewa. Mwindaji anayelipa leseni na kufuata msimu, naweza kukaa naye meza moja tubishane. Lakini kumuua mnyama ili umpime na umshinde jirani, hapo naona tu kamari.

Hii inatuhusu wapi

Ukidhani hadithi ya soko kuhama ni ya zamani na ya mbali, muulize punda.

China inatumia ngozi ya punda kutengeneza dawa inayoitwa ejiao. Punda wao walipopungua sana, hamu haikupungua. Ikatafuta mlango. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yakafunguliwa Kenya, mpaka yakafika manne. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8. Ya 2019 ikahesabu kama milioni 1.2. Watu walilala na punda, wakaamka hawana, na mama aliyetegemea huyo punda kuteka maji akabeba mtungi mgongoni. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakataza biashara ya ngozi za punda bara zima.

Mara ya kwanza tamaa ilitoka kwetu ikamwendea bobkati. Mara ya pili ilitoka China ikatujia sisi. Sasa Afrika imefunga. Swali langu, na ndilo nataka ubaki nalo: inaelekea wapi?

Maoni yangu basi, na mnaweza kunichapa kwa komenti. Marufuku ni nzuri na chui anastahili yake. Lakini ukisherehekea marufuku na uishie hapo, umemaliza nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhesabu mnyama wako kila mwaka kama unavyohesabu pesa, na kumfuata mnunuzi. Nani alikuwa anataka hii kitu, na baada ya kunyimwa amenunua nini? Bila hilo swali tunahamisha tu jeneza.

Na yule mzee wa Texas? Nilirudi kwa video yake jana. Sikuandika mshenzi. Nilimuuliza tu anafanya nini na ngozi. Alijibu baada ya masaa mawili, kwa heshima sana: siku hizi bei ya ngozi iko chini mahali pake, yeye anawinda kwa sababu babake alimfundisha, na kila mwaka kabla ya msimu anaangalia kwanza kama kuna sungura wa kutosha. Wasipokuwepo anaacha filimbi nyumbani.

Nilicheza ile sauti mara moja tena, chini chini. Kadogo akainua masikio, akaanza kuja, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Nilijisikia vibaya kumdanganya. Nikazima, nikamwekea omena.